Wanajeshi Waliofumbua Siri ya Fuwele

Katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, huko upande wa kaskazini wa mapambano kati ya Ujerumani na Urusi, alikuwapo Mjerumani mmoja ambaye kazi yake haikuwa ya kushika bunduki. Jina lake lilikuwa Paul Peter Ewald. Alikabidhiwa mtambo wa eksirei uliohamishwa kutoka mahali hadi mahali, na wajibu wake ulikuwa kuwapiga picha majeruhi ili madaktari wajue risasi imekaa wapi na mfupa umevunjika wapi. Kazi hiyo ilikuwa na siku za msukosuko na siku za kungoja. Na katika siku za kungoja Ewald alitoa karatasi zake akaandika hesabu. Hesabu hizo zilichapwa mwaka 1917, nazo hata leo ni miongoni mwa nguzo za elimu iitwayo nadharia ya dinamiki ya difraksheni, yaani elimu ya namna mawimbi yanavyopita, yanavyorudishwa na yanavyoshindana ndani ya fuwele.

Tumeona vema kuwaletea askari wa jeshi na polisi habari hii kwa sababu wengi wa mabingwa waliofungua mlango wa elimu hiyo walikuwa wamevaa sare kama sisi, tena katika majeshi yaliyokuwa yakipigana wao kwa wao, na mmoja wao hakurudi. Aidha, katika redio ya mawasiliano anayobeba askari mgongoni au kiunoni mara nyingi kimo kipande kidogo cha fuwele, na kipande hicho kisingefanya kazi yake barabara kama watu hao wasingefanya yao.

Fuwele ni nini? Chukua punje ya chumvi, iwe imetoka Katwe au Uvinza, uitazame vizuri juani. Utaona kwamba ina pande bapa na pembe zilizonyooka, kana kwamba imechongwa na fundi. Hakuna aliyeichonga. Atomi zake zimejipanga zenyewe safu kwa safu, mbele, nyuma na ubavuni, kwa nafasi zisizobadilika, mfano wa kikosi kilichopangwa kwa gwaride la heshima. Tofauti ni kwamba gwaride letu lina safu tatu, ilhali katika chumvi milimita moja tu ina safu zipatazo milioni tatu na nusu. Almasi ni fuwele, sukari ni fuwele, na mchanga wa pwani kwa sehemu kubwa ni vipande vya fuwele ya kwatsi.

Mpango huo ulidhaniwa kwa muda mrefu bila kuthibitishwa. Mwanzoni mwa mwaka 1912 Ewald alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, akimalizia shahada yake mjini Munich juu ya mwendo wa nuru ndani ya fuwele. Alikwenda kuomba ushauri kwa Max von Laue, mwalimu katika chuo hicho hicho, nao wakazungumza wakitembea katika bustani ya mji. Laue akauliza: nafasi kati ya atomi na atomi ni kubwa kiasi gani? Ewald akajibu kwamba ni ndogo sana, labda sehemu moja ya mia tano au ya elfu moja ya urefu wa wimbi la nuru. Inasemekana kuanzia hapo Laue hakusikiliza tena mengine. Alikwisha kumbuka kwamba eksirei, zilizogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, huenda zikawa mawimbi mafupi kiasi hicho hicho. Kama ndivyo, fuwele ingekuwa kwa eksirei kama wigo wa nguzo ulivyo kwa mawimbi ya maji: ingeyatawanya kwa mpango maalumu.

Vijana wawili, Walter Friedrich na Paul Knipping, walifanya jaribio. Waliweka fuwele ya salfeti ya shaba mbele ya mwonzi mwembamba wa eksirei, na nyuma yake bamba la picha. Bamba liliposafishwa likaonyesha madoa yaliyojipanga kuzunguka doa la katikati. Kwa jaribio hilo moja yalithibitika mambo mawili kwa pamoja: kwamba eksirei ni mawimbi, na kwamba atomi za fuwele zimepangwa. Laue alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914.

Ili tuelewe madoa yale yatoka wapi, hebu tukumbuke jambo ambalo kila kuruta hufundishwa: kikosi kinapovuka daraja jepesi hakiendi kwa hatua za pamoja. Amri hiyo ina historia. Tarehe 12 Aprili 1831 kikosi cha Waingereza kilikuwa kikivuka daraja la kuning'inia la Broughton, karibu na Manchester. Askari walipoona daraja linacheza chini ya miguu yao walifurahi, wakazidi kulinganisha hatua. Daraja likavunjika, na wapatao arobaini wakatumbukia mtoni. Kishindo cha mguu mmoja si kitu. Lakini vishindo vingi vikiangukia wakati mmoja hujumlishana vikawa nguvu ya kuvunja chuma. Ndivyo yalivyo mawimbi. Kila safu ya atomi hurudisha sehemu ndogo mno ya eksirei iliyoipokea. Kwa pembe nyingi, marejeo ya safu hizo hupishana hatua na kuuana. Kwa pembe chache maalumu, marejeo ya safu zote hulingana hatua, na hapo mwonzi wenye nguvu huchomoza. Kanuni ya kuzipata pembe hizo ilitolewa mwezi Novemba 1912 na Mwingereza aliyezaliwa Australia, William Lawrence Bragg, akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili tu. Yeye na baba yake wakaanza mara moja kuitumia kusoma mpango wa atomi za chumvi na za almasi.

Kisha vita vikaja, Agosti 1914. Bragg mdogo aliingia katika kikosi cha mizinga ya farasi. Laue alitumiwa huko Würzburg kuboresha vali za redio za mawasiliano ya jeshi la Ujerumani. Ewald akaenda upande wa Urusi. Mjini Manchester, katika maabara ya Ernest Rutherford, vijana wawili walikuwa wamefanya kazi pamoja juu ya kurudishwa kwa eksirei na fuwele: Charles Galton Darwin, mjukuu wa yule Darwin mashuhuri wa elimu ya viumbe, na Henry Moseley. Kwa kutumia fuwele kupima mawimbi ya eksirei zitokazo katika kila elementi, Moseley alikwisha onyesha kwamba kila elementi ina namba yake isiyobadilika, na kwamba nafasi namba 43, 61 na 75 zilikuwa bado hazijapata wenyewe. Wote watatu walipatikana baadaye. Miaka ile ile, tusisahau, babu zetu nao walikuwa wakibebeshwa mizigo ya majeshi ya Waingereza na Wajerumani katika nchi iliyoitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na wengi walifia njiani bila majina yao kuandikwa popote.

Moseley alijiunga kwa hiari yake katika kikosi cha wahandisi akawa ofisa wa mawasiliano. Tarehe 10 Agosti 1915, huko Gallipoli nchini Uturuki, alikuwa akipeleka amri kwa simu alipopigwa risasi ya kichwa. Alikuwa na miaka 27. Katika wosia aliouandika vitani aliiachia Jumuiya ya Kifalme ya London mali yake yote, pamoja na vyombo vyake, ili visaidie utafiti. Rutherford aliandika kwa uchungu kwamba mtu wa namna ile angeweza kulitumikia taifa lake vizuri zaidi kwa elimu yake kuliko kwa kuwekwa mahali ambapo risasi yoyote ingemtosha. Sisi tulio katika kazi hii hatuwezi kusema kwamba simu ile haikuhitaji mtu wa kuishika. Lakini hesabu ya Rutherford ni vigumu kuipinga.

Majuma machache baada ya Moseley, ndugu yake Bragg aitwaye Robert alijeruhiwa huko huko Gallipoli akafariki. Mwezi Novemba wa mwaka huo ikamfikia Bragg, akiwa kwenye uwanja wa mapambano, habari kwamba yeye na baba yake wamepewa Tuzo ya Nobel. Alikuwa na miaka 25. Padre wa kijiji, ambaye Bragg alikuwa amepangiwa nyumbani kwake, akatoa chupa ya divai wakanywa.

Kazi aliyokuwa akifanya Bragg wakati huo inastahili kusimuliwa kwa kirefu, maana ni ya kijeshi hasa. Alitakiwa kutafuta njia ya kujua mahali ulipo mzinga wa adui kwa kusikiliza mlio wake. Mpango wenyewe ni huu: unatandika mikrofoni sita katika mstari nyuma ya mahandaki, kila moja mahali panapojulikana kwenye ramani. Mzinga ukifyatuliwa, mlio hausafiri papo hapo. Hwenda kiasi cha mita 340 kwa sekunde, hivyo huifikia mikrofoni moja kabla ya nyingine. Ukipima tofauti za nyakati hizo, unaweza kuchora kwenye ramani mistari inayokutana juu ya mzinga wenyewe. Kosa la sehemu moja ya mia ya sekunde ni sawa na mwendo wa mita tatu na nusu, basi saa ya mkononi haifai. Chombo cha kupimia kilitengenezwa Paris na Lucien Bull: nyuzi nyembamba zinazocheza kwa umeme, na kivuli chake kinapigwa picha kwenye filamu inayokimbia.

Taabu ilikuwa mikrofoni. Zile za kawaida zilisikia vizuri ufyatuzi wa bunduki na mpasuko wa kombora linalokwenda upesi kuliko sauti, lakini mlio mzito wa mzinga wenyewe hazikuusikia sawasawa. Jibu lilipatikana mahali pasipotarajiwa. Bragg alipokuwa amekaa chooni aliona kwamba kila mzinga wa Waingereza uliokuwa jirani ulipofyatuliwa, shinikizo la hewa lilimwinua kidogo kitini. Kumbe mzinga hutoa wimbi pole, lenye nguvu, ambalo sikio halilitambui vema. Naye koplo mmoja aitwaye William Tucker, aliyekuwa mwanafizikia kabla ya vita, alilala katika kibanda chenye matundu ukutani, na kila mlio wa mzinga ulimpulizia usoni hewa baridi. Akatunga mikrofoni ya waya mwembamba wenye moto wa umeme, uliotandazwa mbele ya tundu la chombo: bunduki zikilia, waya hausikii, mzinga ukilia, hewa hupuliza, waya hupoa, na umeme wake hubadilika. Ilianza kutumika mwaka 1916. Katika shambulio la Cambrai la Novemba 1917 mizinga ya Waingereza iliweza kuanza kufyatua bila majaribio ya awali ya kumshtua adui, kwa sababu, pamoja na upimaji wa ramani, sehemu nyingi za mizinga ya upande wa pili zilikuwa zimekwisha julikana. Darwin naye alitumika katika kazi hiyo hiyo ya sauti, akapewa Nishani ya Msalaba wa Kijeshi.

Msomaji makini atakuwa amegundua kwamba hesabu ya mikrofoni na hesabu ya fuwele ni ndugu. Zote mbili huuliza: wimbi lililopita njia ndefu limechelewa kwa kiasi gani nyuma ya lile lililopita njia fupi?

Sasa turudi kwa Ewald na mtambo wake. Kanuni ya Bragg hutuambia mwonzi utachomoza kwa pembe ipi, lakini haituambii utakuwa na nguvu kiasi gani. Hesabu nyepesi ya nguvu hudhani kwamba kila safu ya atomi hupokea eksirei kamili, hurudisha kidogo, na jambo huishia hapo. Kwa fuwele ndogo sana hesabu hiyo yatosha. Lakini kwa fuwele kubwa huleta upuuzi: ukijumlisha marejeo ya safu milioni nyingi zinazolingana hatua, unapata mwonzi uliorudi wenye nguvu kuliko ule ulioingia! Ni kana kwamba mgawaji chakula angeandika kwamba kila askari amekula sufuria nzima. Ukweli ni kwamba safu ya kwanza hupunguza sehemu, ya pili hupata kilichobaki, na kuendelea. Zaidi ya hayo, mwonzi uliorudishwa na safu ya chini hukutana na safu za juu zikiwa katika pembe ile ile, nazo huurudisha tena upande ulikotoka. Mwonzi uliorudishwa mara mbili huwa umepishana nusu ya hatua na ule unaosonga mbele. Hukanyagana nao na kuudhoofisha. Ndiyo maana katika fuwele iliyo kamili, kwa pembe ile maalumu, eksirei hushindwa kupenya zaidi ya sehemu chache za elfu za milimita, ingawa kwa pembe nyingine zingepita humo bila taabu kubwa.

Darwin aliyaona haya mwaka 1914, kabla hajavaa sare. Hesabu yake ilionyesha kwamba fuwele kamili hurudisha karibu eksirei zote, lakini ndani ya nafasi ya pembe iliyo nyembamba ajabu: sekunde chache tu za digrii, na digrii moja ina sekunde 3,600. Kwa mlenga shabaha tuseme hivi: pembe ya sekunde moja, kwa umbali wa kilomita moja, haifiki upana wa nusu sentimita. Fuwele kamili basi ni mlinzi asiyeitikia neno la siri mpaka litamkwe bila kosa la hata herufi moja. Hata hivyo chumvi iliyopimwa maabara ilirudisha eksirei nyingi kuliko hesabu hiyo ilivyoruhusu. Darwin hakuitupa hesabu. Alihukumu kwamba chumvi yenyewe si kamili: ni vipande vidogo vidogo vilivyoungana, kila kimoja kimegeuka kidogo tu kutoka kwa jirani yake, kama kombania ambazo kila moja imenyooka lakini hazielekei sawasawa upande mmoja. Pembe isiyokifaa kipande hiki hukifaa kile, na kwa jumla vyote pamoja hurudisha zaidi. Jambo hili kwetu lilikuwa geni: kwamba kikosi kilichopinda kidogo chaweza kurudisha zaidi kuliko kilichonyooka kabisa. Gwaride la binadamu halina uchawi huo.

Ewald alifika kwenye jambo hilo hilo kwa njia nyingine, yenye kina zaidi. Yeye hakuhesabu mwonzi mmoja baada ya mwingine. Aliuliza: mawimbi yote yaliyomo ndani ya fuwele, yanayokwenda na yanayorudi, yawe vipi ndipo yaweze kudumu pamoja, yakitikisa atomi, na atomi nazo zikiyatoa yayo hayo? Akakuta kwamba yasonga mbele kwa makundi yenye mwendo uliotofautiana kidogo sana, na kwa sababu hiyo nguvu huhama kutoka mwonzi unaokwenda mbele hadi mwonzi uliopinda, kisha hurudi, kisha huhama tena, kadiri yanavyozidi kuingia ndani. Akaufananisha na timazi mbili zilizofungwa katika kamba moja. Jaribu mwenyewe: funga kamba mlalo, ning'iniza mawe mawili kwa nyuzi zenye urefu sawa, sukuma moja. Baada ya muda lile ulilosukuma litatulia na la pili litabembea kwa nguvu. Kisha mambo yatageuka tena.

Laue aliiandika upya nadharia hiyo mwaka 1931 kwa namna inayofundishwa mpaka leo katika vyuo vingi. Mtu huyo alikuwa na msimamo. Utawala wa Hitler ulipowafukuza wanasayansi wenye asili ya Kiyahudi alisema waziwazi kuwatetea. Medali yake ya Nobel aliipeleka Copenhagen ifichwe, na Wajerumani walipoivamia Denmark mwezi Aprili 1940, mkemia George de Hevesy aliiyeyusha katika asidi pamoja na medali ya James Franck. Chupa ikabaki rafuni vita vizima, hakuna aliyeishuku. Baada ya vita dhahabu ilitolewa katika maji yale, na medali zikafuliwa upya. Ewald naye aliacha uongozi wa chuo chake cha Stuttgart mwaka 1933, akahamia Uingereza, kisha Marekani.

Mwaka 1941, vita vya pili vikiendelea, Gerhard Borrmann mjini Berlin aliona jambo la kushangaza. Fuwele nene ya kwatsi, ambayo ilipasa kuzizuia eksirei, iliziachia zipite ilipowekwa katika pembe ile maalumu. Nadharia ya dinamiki ilikuwa na jibu: mawimbi mawili, lile lisongalo mbele na lile lililopinda, yakichanganyika hufanya wimbi lililosimama, lenye mahali pa msukosuko na mahali patulivu. Katika kundi mojawapo la mawimbi, mahali patulivu huangukia juu ya safu za atomi hasa. Atomi isiyoguswa hainyonyi kitu. Mawimbi hupita katikati ya safu, kama doria ipitayo usiku kati ya mahema bila kumwamsha mtu. Fuwele ikiwa na ufa mdogo au safu moja iliyokatika, njia hiyo huzibika, na picha yake huonyesha kivuli. Hivyo jambo lililoonekana kuwa la ajabu tu likageuka kuwa chombo cha kukagua ubora.

Kwatsi ndiyo fuwele ya redio zetu. Ikibanwa hutoa umeme, na ikipewa umeme hujitikisa. Hilo lilijulikana tangu enzi za ndugu wawili Curie, mwanzoni mwa miaka ya 1880. Kigae chake chenye unene wa theluthi moja ya milimita, kikikatwa kwa namna itumiwayo sana, hutikisika mara milioni 5 kwa sekunde, nacho ndicho kinachoishikilia redio kwenye mawimbi yake isipotee. Lakini kigae kikatwe kwa pembe ya digrii 35 na robo kutoka mhimili wa fuwele. Kikikosewa, hata kwa dakika chache za digrii, mtikisiko wake hubadilika joto linapobadilika, na redio iliyosikika vizuri alfajiri ya baridi itateleza wakati wa jua kali. Askari aliyewahi kumwita mwenzake mchana kutwa bila jibu anaelewa maana yake. Katika Vita vya Pili viwanda vya Marekani vilikata vigae hivyo kwa mamilioni, kutokana na mawe yaliyoletwa hasa kutoka Brazil, na eksirei ndizo zilizoonyesha pembe ya kukatia.

Silikoni ya vyombo vya elektroniki imefuata njia hiyo hiyo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 wameweza kuiotesha kwa ukamilifu kiasi kwamba vipande vikubwa havina safu hata moja iliyokatika. Mwaka 1965 Ulrich Bonse na Michael Hart walitengeneza kutokana na silikoni chombo kinachogawa mwonzi wa eksirei mara mbili na kuuunganisha tena, na kwa chombo cha namna hiyo nafasi kati ya safu za atomi ilikuja kupimwa moja kwa moja. Kipimo hicho kilisaidia katika kazi iliyoifanya dunia, tarehe 20 Mei 2019, kuacha kuipima kilo kwa kipande cha madini kilichofungiwa karibu na Paris. Kwa upande wa polisi, maabara za uchunguzi hutumia njia iliyoanzishwa na Peter Debye na Paul Scherrer mwaka 1916: unga wowote, uwe dawa ya kulevya au baruti, hutawanya eksirei kwa mpango wake pekee, nao hutambulika. Hapo hesabu nyepesi yatosha, kwa kuwa punje za unga ni ndogo.

Ule mbembeo wa timazi ulibaki kwenye karatasi kwa muda mrefu, kwani hakukuwa na fuwele kamili za kutosha kuuonyesha. Mwaka 1959 Norio Kato wa Japani na Andrew Lang wa Uingereza walipitisha eksirei katika vipande vya kwatsi na silikoni vilivyokatwa mfano wa kabari, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Katika picha ikaonekana michirizi, mweusi na mweupe, mweusi na mweupe, ikihesabu mara ngapi nguvu ilihama na kurudi. Ewald alikuwa bado hai, na umri wake ulikuwa miaka 71.